Mama Alinipima kwa Mizani ya Mahindi

Mwezi wa Aprili 1998, mvua ndefu zikiwa zimeshika, nilimpoteza mama yangu. Alianguka shambani akipanda mahindi, jembe mkononi, na kabla hatujamfikisha barabarani alikuwa ametuacha. Tulimzika Jumamosi. Matope yalishika viatu vya watu wote, hata vya mchungaji.

Sikulia sana mazikoni na watu walilisema hilo. Wale wanaonijua vizuri waliniangalia kwa sababu nyingine. Waliogopa kwamba ugonjwa wangu utarudi. Mimi mwenyewe niliogopa. Sasa miezi imepita, mahindi aliyoyapanda tumekwisha kuyavuna, na nimeona niandike. Nilisoma hadi darasa la saba tu, kwa hiyo mambo ya kitaalamu siyawezi. Nitaandika yaliyonipata, kwa ajili ya mtu aliye kwenye benchi la hospitali leo akidhani yuko peke yake.

Naitwa Nanjala. Kwetu Malava, msichana akizaliwa wakati wa njaa, mahindi ya zamani yakiwa yamekwisha na mapya bado hayajakomaa, anapewa jina hilo. Mwaka niliozaliwa njaa ilikuja mapema. Mama alikuwa akinywa uji wa wimbi mwepesi asubuhi, na jioni mboga za mrenda bila ugali, ili kidogo kilichokuwepo wale baba na bibi mzaa baba. Nilitoka kabla ya wakati wangu. Sista wa zahanati aliniweka kwenye mizani akasema kilo moja na nusu. Mama hakujua kilo moja na nusu ni kiasi gani, lakini alikuwa akiuza kuku soko la Lubao, na uzito wa kuku aliujua kwa mkono.

"Nilikubeba hivi," alikuwa akiniambia, akikunja kiganja, "nikasema, ala! Huyu hata jogoo wa Senge anamshinda."

Senge ni shangazi yangu, dada ya baba. Yeye alikuwa akiongezea: "Na jogoo wangu alikuwa anawika. Wewe hata kulia ulikuwa huwezi."

Mama alinifunga kifuani kwa leso, ngozi kwa ngozi, akanibeba hivyo hadi mavuno. Akipika, aliniweka kwenye kikapu cha kuku kilichotandikwa blanketi kuukuu, karibu na mafiga ili nisipoe. Maziwa alinikamulia mdomoni kwa pamba. Watu walimwambia asijisumbue. Alijisumbua.

Kisha akashika desturi yake mwenyewe. Kila mavuno alipopeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, alinipeleka na mimi. Mzee wa mashine alikuwa na mizani ya kuning'iniza magunia. Aliniweka ndani ya gunia, akalitundika kwenye ndoana, akasoma.

"Ameongezeka?" Mama aliuliza.

"Ameongezeka, mama."

Basi alirudi nyumbani akiimba. Nilikua nikijua kwamba mizani ikipanda, Mama anaimba.

Ugonjwa ulinianza mwaka 1994 wakati wa palizi. Nilikuwa nimeolewa na Wekesa, dereva wa trekta la miwa, na tulikuwa na msichana mmoja, Nafula. Kazi yangu ni kushona. Cherehani yangu hukaa kwenye baraza, na wakati huo nilikuwa na sare nyingi za shule. Siku moja niliweka mguu kwenye pedali na mguu haukusukuma. Sikuwa na maumivu. Nilikaa nikiangalia kitambaa cha bluu kama mtu anayesubiri kuambiwa kitambaa ni cha nini. Jua lilizunguka likanikuta palepale.

Baada ya hapo usingizi ulikatika. Nilikuwa nikiamka alfajiri kabla ya majogoo, na moyo mzito kama nguo iliyoloweshwa. Chakula kilikuwa kama majivu. Nafula alinililia nami nilimsikia kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Nilimpenda, hilo nalijua sasa, lakini siku zile sikuweza kulifikia pendo lenyewe. Nikaanza kukonda. Sketi ilizunguka kiunoni, pete ya ndoa ikaanguka kwenye karai la kuoshea vyombo.

Miaka ile, aliyekonda alisemwa ana ule ugonjwa. Wekesa alipimwa, nami nikapimwa, hatukuwa nao. Lakini majirani hawasomi damu, wanasoma mashavu. Wateja wangu walianza kupitisha vitambaa vyao kwa fundi mwingine.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Mama mkwe haingii ndani ya nyumba ya mume wa binti yake. Hali huko, hakai kitini kwa mkwe wake, na wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni. Ni heshima kubwa. Kwetu nilikozaliwa ni ng'ambo tu ya kijito, na Mama alikuwa akija karibu kila siku, lakini alikaa nje nyuma ya jiko, kwenye kigoda chake, mgongo kwenye ukuta wa chumba chetu cha kulala. Wekesa akitokea, Mama alijigeuza akatazama migomba. Wakiongea, waliongea wamepeana migongo.

"Mama, mmeamkaje?" Wekesa aliiuliza ghala ya mahindi.

"Tumeamka, baba," Mama aliijibu migomba. "Huyu mtoto anakulanga nini huku kwako? Mbona amebaki mifupa?"

"Mama, chakula kipo. Anakataa."

"Basi nitamletea mimi."

Aliniletea kweli. Uji wa wimbi wenye maziwa, ndizi za kuchemsha, ingokho, yaani kuku, aliyepikwa taratibu mpaka mchuzi ukawa mzito. Alikuwa ameniokoa mara ya kwanza kwa chakula na joto, naye hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba mara hii ni tofauti. Kwake udogo ule wa zamani ulikuwa umerudi.

Mavuno ya mwaka ule alinishika mkono akanipeleka kwenye mashine ya kusaga. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na nane. Mzee wa mashine alikwisha kufa na mwanawe alikuwa na mizani mpya ya kukaa chini.

"Mpime," Mama alisema.

"Mama, hii mizani ni ya mahindi."

"Na huyu ni mahindi yangu. Mpime."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nilipanda juu ya bamba lile lililojaa unga, nikasimama. Yule kijana alisoma, akanong'ona. Mama hakuimba tuliporudi.

Wekesa ndiye aliyesema twende hospitali mjini Kakamega. Nakumbuka benchi lile kuliko nyumba yangu ya kwanza. Lilikuwa limelainika kwa kukaliwa. Upande wetu walikaa watu ambao wengine hawakutaka kukaa karibu nao: mzee aliyejiongelesha, kijana aliyeletwa na kaka zake, mama mmoja wa Lumakanda aliyekuwa akisuka kikapu akimsubiri mumewe. Huyo mama wa Lumakanda hakuniuliza nina nini. Alisema, "Shika hapa," akanipa ncha ya ukindu. Nilishika mpaka nikaitwa. Ulikuwa msaada wa kwanza nilioupata siku hiyo.

Daktari alisema ni ugonjwa wa huzuni, kwamba unatibika, na akanipa vidonge. Alisema nisiviache bila kuambiwa.

Vidonge vilinikausha mdomo kama niliyekula unga mkavu. Mikono ilitetemeka kidogo. Lakini usingizi ulirudi, na njaa ikaja, njaa isiyo ya kawaida. Kufikia kiangazi cha Januari nilikuwa nimenona. Mashavu yalijaa, pete ikagoma kuvuka kifundo cha kidole, nguo nilizojipunguzia nikazifumua tena. Wateja walirudi. "Mama Nafula umependeza!" walisema, na nilijua wanasema sina ule ugonjwa.

Mama alinipeleka tena kwenye mizani ya mahindi. Safari hii aliimba, tena kwa sauti.

Aliandaa sherehe nyumbani kwake. Wanawake wa kanisa walikuja wakatoa shukrani. Obusuma, yaani ugali, ilipikwa kwenye sufuria ya matanga, kuku wakachinjwa. Firigisi kwetu ni ya mwenye boma, mwanamke haigusi. Siku hiyo Senge aliitoa kwenye sahani ya wazee mbele ya macho yao akaniwekea mkononi.

"Leo hii ni ya jogoo wetu," alisema. "Anayetaka kulalamika alalamike akiwa amenona kama huyu!"

Watu walicheka hadi machozi. Mama alikaa mkabala nami, mikono magotini, akinitazama nikitafuna. Sijawahi kuona uso uliojaa furaha hivyo. Nami nilitafuna ile firigisi nikaimeza na haikuwa na ladha yoyote. Ndani yangu kulikuwa vilevile kama siku ile ya kitambaa cha bluu, labda afadhali kidogo tu. Ningesemaje? Ningemwambia vipi mtu anayenitazama hivyo?

Baada ya sherehe tulikubaliana wote kwamba vidonge vimemaliza kazi. "Dawa ya nini kwa mtu mnene?" Mama alisema, nami nikaviacha. Ewe unayesoma, kama umepewa vidonge, usiviache kwa sababu kioo kimekusifu. Muulize aliyekupa.

Mvua za Aprili 1995 zilipoanza, nilianguka vibaya kuliko mwanzo. Nilikuwa mnene nami nilikuwa nimekwisha. Hakuna aliyeona, kwa sababu kila aliyekuja alitazama mashavu. Niliacha kushona, nikaacha kuoga. Nilianza kufikiri kwamba Wekesa na Nafula wangekuwa na maisha mepesi bila mimi. Nayaandika haya wazi kwa sababu najua wapo wengine wanaofikiri hivyo leo, na wanadhani ni akili yao ndiyo inasema. Ni ugonjwa unaosema.

Asubuhi moja Wekesa alikwenda kazini na Nafula shuleni. Mama alikuja na kunde kwenye ungo, akakaa kwenye kigoda chake nyuma ya jiko. Aliniita. Nilikuwa kitandani, dirisha dogo la chumba likiwa juu ya kichwa chake.

"Nanjala, umelalaje?"

Kwetu swali hilo lina jibu moja. Ni vizuri. Hata mgonjwa hujibu vizuri, halafu ndiyo aseme anaumwa. Nilifungua mdomo nijibu hivyo, nikashindwa.

"Mama," nilisema, "sitaki kuishi tena."

Nilisikia ungo ukiwekwa chini. Nilisikia viatu vikivuliwa. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu niolewe, nyayo za Mama ndani ya nyumba yangu. Alipita sebuleni, akasukuma pazia, akaingia chumbani kwa mkwe wake, akapanda juu ya kitanda cha mkwe wake.

Alinivuta kifuani, akafungua leso yake kiunoni, akaipitisha mgongoni kwangu ili atufunge pamoja. Leso haikufika. Alijaribu tena, akavuta ncha kwa nguvu, haikufika. Akaanza kucheka na huku analia.

"Weh! Umenona kweli."

"Mwili ndio umenona, Mama," nilimwambia. "Mimi mwenyewe bado niko kwenye kile kikapu."

Aliacha kuvuta leso. Akaishikilia kwa mikono yake, ncha moja huku na nyingine huku, akakaa hivyo.

Wekesa alirudi mapema, trekta lilikuwa limekwama kwenye matope. Alifika mlango wa chumba, akaona, akarudi kinyumenyume kama aliyekanyaga moto. Tulimsikia akisimama nje ukutani.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Nisamehe wewe, baba. Nimevuka mahali pasipo pangu."

Wekesa si msemaji. Alisema kupitia dirishani, "Umekuja kwa mtoto wako. Kaa tu, Mama. Mimi nitapika."

Baadaye wazee walitaka jambo hilo lisafishwe, na lilisafishwa kwa kuku pande zote mbili. Senge alimwambia Mama mbele ya watu, "Sasa umelalia mpaka kitanda cha mkwe wako. Kilichobaki ni kumfulia soksi!" Mama alimrushia gunzi la mahindi.

Kesho yake baada ya Mama kuingia chumbani, tulikwenda hospitali watatu. Wekesa alikaa ncha moja ya benchi na Mama ncha nyingine, wakitazamana na kuta, mimi katikati. Sista aliyenipokea alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole. Aliniuliza mengi, kisha akamgeukia Mama.

"Mama, huyu alipozaliwa alikuwa na uzito gani?"

Niliona bega la Mama likishuka. "Kilo moja na nusu," alisema. "Kwa nini unauliza?"

Sista alieleza taratibu. Alisema wako wataalamu wanaofikiri kwamba aliyezaliwa mdogo sana huenda akawa mwepesi kidogo kupatwa na huzuni ya namna hii akiwa mtu mzima. Bado wanachunguza, alisema, na yeye huuliza tu ili amjue mgonjwa wake.

Mama alitazama mikono yake. "Basi ni mimi," alisema. "Mwaka ule nilikuwa nakunywa uji wa maji. Ni mimi nilimtengeneza hivi."

Sista aliweka kalamu chini. "Mama, nisikilize. Tunao hapa watu waliozaliwa na kilo nne. Na wako waliozaliwa wadogo kuliko huyu, hawajawahi kuja kwangu hata siku moja. Njaa hukuileta wewe. Ulimlisha nini huyo wa kilo moja na nusu hata akafika hapa?"

"Maziwa. Kwa pamba. Nilikuwa namfunga hapa," Mama alijigusa kifua.

"Sasa wewe unauliza nani wa kulaumiwa, na mimi naona nani wa kushukuriwa."

Mama alilia kwenye leso yake. Wekesa, bila kugeuza uso, alisukuma kitambaa chake cha mkononi juu ya benchi, kikapita kwangu, kikamfikia. Huo ulikuwa msaada mwingine ninaoukumbuka.

Kabla hatujaondoka Sista alimwambia jambo moja. "Usimpime tena, Mama. Muulize. Na akikujibu vizuri, ngoja."

Mama alilishika hilo kama alivyoshika ile mizani. Kila asubuhi alivuka kijito, akakaa kwenye kigoda chake nyuma ya jiko.

"Umelalaje?"

"Vizuri, Mama."

"Nasubiri."

Mwanzoni nilikasirika. Siku nyingine tulikaa kimya mpaka chai ikapoa. Lakini alikuwa na subira ya mtu aliyekamulia mtoto maziwa kwa pamba, na mwishowe nilikuwa nasema. Nimelala kidogo. Nimeota vibaya. Leo naogopa. Leo nimesikia harufu ya mvua nikafurahi. Alisikiliza, akaitika "ee," hakunipa dawa wala mahubiri. Akiridhika, alisimama akaenda shambani kwake.

Vidonge vilibadilishwa mara moja, tukasubiri. Palizi ilipita, mavuno yakapita. Niliendelea kwenda hospitali kila nilipoitwa. Sikupona siku moja. Ilikuwa kama macho yanavyozoea nyumba yenye giza, kwanza mlango, halafu meza, halafu sura za watu. Kufikia mavuno ya 1996 nilikuwa nashona sare tena, na siku moja Nafula aliniambia, "Mama, umeimba." Sikujua kama nilikuwa naimba.

Nafula alizaliwa na uzito mzuri, na hata angezaliwa mdogo nisingemtazama kama mgonjwa anayesubiri kuugua. Namuuliza tu amelalaje.

Kisha ikaja Aprili hii. Baada ya mazishi nilirudi hospitali mwenyewe bila kuburutwa, nikamwambia Sista kwamba mama yangu amekufa na naogopa. Alinisikiliza. Alisema nitahuzunika, na kwamba kuhuzunika kwa sababu ya mama si lazima kuwe ule ugonjwa, lakini nije mara kwa mara tuangalie pamoja. Nimekuwa nikienda. Siku nyingine ni nzito. Nashona.

Kigoda cha Mama kilibaki nyuma ya jiko. Hakuna aliyekikalia. Asubuhi nilikuwa nikipita pale na ndoo ya maji nikiangalia upande mwingine.

Jumamosi iliyopita Senge alipita akienda kwenye mashine ya kusaga, debe la mahindi kichwani. Yeye ni mzee sasa, magoti yanamsumbua. Alisimama nje nyuma ya jiko.

"Mulembe, Nanjala. Umelalaje?"

"Vizuri, Senge."

Alinitazama. Alishusha debe lake chini, akijishika kiuno na kuguna, akavuta kile kigoda akakikalia. Aliegemeza mgongo kwenye ukuta, mahali palepale penye alama ya mgongo wa Mama.

"Nasubiri," alisema.

Niliweka ndoo chini. "Sikulala, Senge. Nimemkumbuka usiku kucha."

"Ee," alisema.

Nikakaa chini kando yake, nikamweleza. Tuliongea mpaka jua likapanda juu ya migomba. Mahindi yake aliyasaga Jumatatu.